Uso wa Mkamwana Mkubwa

Siku Pil-lye alipoletwa kwa akina Geum kama bibi arusi, wanawake wa ukoo walimtazama usoni, wakatazamana wao kwa wao, kisha wakajishughulisha na vyombo. Uso wake ulikuwa mwembamba, na kidevu kimechongoka kama mbegu ya tikiti. Katika vijiji vile vya Andong, mkamwana mkubwa, yule aliyeolewa na mwana wa kwanza na ambaye nyumba na matambiko ya mababu humwangukia yeye, hutakiwa awe na uso wa mviringo, uliojaa kama mwezi wa sikukuu ya mavuno. Baraka ya nyumba hukaa katika mashavu ya mkamwana wake. Hivyo ndivyo walivyoamini bibi zao, na bibi za bibi zao.

"Wifi," alisema Mama Hansil, dada wa marehemu mwenye nyumba, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, "katika uso huu baraka itakaa wapi? Itateleza ianguke."

Aliyeambiwa hayo alikuwa Mama Uchon, mama wa bwana arusi. Huko mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kijiji alikotoka, na yeye alitoka Uchon, kwa watu wa vitabu. Alisoma sekondari ya wasichana Daegu wakati wasichana wengi hawakujua hata kuandika majina yao, akafundisha kwa muda kabla ya kuolewa. Mumewe alifariki angali kijana, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Byeong-uk, na nyumba kubwa ya vigae inayovuja pande mbili, na jina. Vigae aliviziba alivyoweza. Jina alililinda kama mtu anayevuka upepo na mshumaa mkononi. Hakuonekana uani kabla ya kuchana nywele, wala hakucheka kwa sauti mbele ya wanaume, wala jirani hakujua siku ambayo chungu chake kilikuwa kitupu. Watu walipowaonya binti zao walisema: mtazameni mjane wa nyumba kuu ya ukoo.

Alimjibu wifi yake kwamba hakumwoza mwanawe kwa mashavu. Alilisema kwa kiburi, mbele ya watu. Moyoni alikuwa ameuona uso ule na kupiga moyo konde.

Pil-lye alitoka pwani ya mashariki, kwa watu wanaosema kwa sauti ya kushindana na mawimbi. Asubuhi ya kwanza Mama Uchon alisikia mtu akizungumza uani, akadhani mgeni ameingia bila kubisha. Alikuwa mkamwana wake, kitambaa mkononi, akifuta mitungi ya mchuzi wa soya na kuisemesha mmoja mmoja. "Wewe mzee, mbona umenuna leo? Na wewe mnene, acha kujigamba, wiki ijayo tunakufungua." Mama Uchon alirudi ndani. Kesho yake alijikuta amesimama nyuma ya mlango akisikiliza.

Mikono ya Pil-lye ilikuwa myepesi. Alibeba meza ya chakula kutoka jikoni, akapanda nayo kizingiti kirefu, na supu isitikisike. Na alipoinama mbele ya wazee kwa heshima kuu, mikono kwenye paji la uso, akashuka polepole hadi akakaa sakafuni na kuinuka tena bila kuweka mkono chini, ilikuwa kana kwamba kuna uzi unaomshusha na kumpandisha. Hata Mama Hansil alinyoosha shingo ili aone vizuri.

Kulikuwa pia na jambo la ukoko. Wali ukishapakuliwa, Pil-lye aliukwangua ukoko chini ya sufuria, akautafuna nyuma ya mlango wa jikoni kama mtoto. Siku moja mama mkwe alimkuta. Badala ya kuficha, Pil-lye akavunja kipande kikubwa zaidi, kile cha kahawia kilichoiva vizuri, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mama Uchon, ambaye maisha yake yote hakuwahi kula akiwa amesimama, alikipokea. Tangu siku hiyo kila jioni wanawake wale wawili walisimama gizani jikoni wakitafuna ukoko, wala hawakulizungumza jambo hilo kamwe.

Mimba ya kwanza ya Pil-lye iliharibika, na nyingine haikuja. Mama Uchon hakumlaumu. Wengine waliulaumu uso wake.

Kisha, mwaka ule majirani walipong'oa paa za nyasi na kuweka mabati, uso wa Pil-lye ulianza kujaa. Kwanza mashavu yalilainika. Halafu kidevu kile cha mbegu ya tikiti kikapotea ndani ya mviringo. Rangi ikampanda, wekundu wa afya, kama mtu aliyetoka kukaa karibu na moto. Tumbo nalo likatokeza, na wanawake wakaanza kunong'ona, hadi mkunga alipoitwa, akalipapasa na kusema, "Humu hamna mtu. Hii ni shibe tu."

Lakini hata shibe ilikuwa habari njema. Wageni waliokuja kwenye matambiko walimshika Mama Uchon mkono na kumpongeza. Walisema baraka iliyochelewa imefika, na sasa nyumba kuu ina mkamwana anayefanana na nyumba kuu. Mama Hansil alimzunguka Pil-lye kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Enhe! Mwezi umepanda. Wifi, unampa nini? Nipe na mimi nikampe yule wangu, amekauka kama dagaa."

Wanawake wakacheka, na Mama Uchon akacheka nao, kwa sauti ya chini. Katika sherehe yake ya kutimiza miaka sitini alimketisha Pil-lye kando yake ili wapigwe picha, wote wawili wamevaa hariri. Picha ikatundikwa juu ya mlango wa sebule, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Naye aliyekuwa akisema kwamba hakuoza kwa mashavu, sasa alipita chini ya picha ile kila asubuhi akiinua macho.

Pil-lye mwenyewe alisema anachoka. Aliyasema kwa mzaha, maana hakujua kulalamika kwa namna nyingine. "Mama, mitungi imeongezeka uzito. Wanakula nini hawa?" Kiu haikumwisha. Usingizi ulimkimbia. Baadhi ya siku alilia bila sababu akikata vitunguu saumu, akasema ni vitunguu, ingawa vitunguu saumu havilizi mtu. Kwenye kizingiti kirefu sasa alishika nguzo kwanza. Mama Uchon aliyaona yote hayo, na kila alipoyaona alimtazama usoni, na uso ule mnene, mwekundu, ukamwambia kwamba hakuna ubaya.

Kilichomshtua ni mikono. Mapema kiangazi, Pil-lye alipokunja mikono ya nguo kuosha kabichi kisimani, yakaonekana madoa ya damu iliyovilia, mengine meusi, mengine yakigeuka rangi ya manjano, kutoka kiwiko hadi kifundo. Alisema hakumbuki kujigonga. Ukimshika tu, alisema, doa linatokea.

Mama Hansil alikuwepo. Alitazama mikono, kisha akamtazama wifi yake aliyewahi kuwa mwalimu.

"Kumbe fimbo ya mwalimu haistaafu," alisema.

Alisema akitabasamu, na pengine hakuwa na maana zaidi ya mzaha. Lakini maneno yale yalimwingia Mama Uchon kama mwiba wa samaki kooni. Katika bonde lile zilikuwepo nyumba zilizojulikana kwa kuwapiga wakamwana wao, na majina yake yalitajwa kwa midomo iliyopinda. Nyumba yake haikuwamo. Usiku mmoja tu wa porojo ungetosha kuiingiza.

Jioni ile alimwambia Pil-lye avae mikono mirefu. Kiangazi chote, kwenye joto lile ambalo hata mbwa hutafuta kivuli cha mitungi, Pil-lye alifunga mikono ya nguo yake hadi vifundoni. Byeong-uk, aliyefundisha shule mjini na kurudi mwisho wa juma, alisema mkewe apelekwe zahanati. Mama yake akamuuliza kama anajua nesi wa zahanati ile ni binti wa nani. Alikuwa binti wa ukoo wa ng'ambo ya mto, ukoo ambao tangu enzi za babu ulikuwa ukisubiri doa katika jina la akina Geum. Angemvua Pil-lye nguo apime presha, na kesho yake bonde zima lingejua.

"Unataka waseme mama yako anampiga mkeo?" alimuuliza.

Byeong-uk alikuwa mtoto wa mjane, na mtoto wa mjane hajui kumbishia mama yake. Mama Uchon akaenda mwenyewe kwa mganga wa mitishamba, akaeleza uchovu na usingizi. Madoa hakuyataja. Mganga alisema amlete mgonjwa amshike mshipa. Mama Uchon akasema mgonjwa ana kazi nyingi. Akapewa dawa ya kutia nguvu, akaichemsha kwa mikono yake kila asubuhi, na Pil-lye akainywa yote, akikunja uso na kusema, "Mama, hii ukiwapa mitungi itakimbia."

Wahenga wamesema mficha maradhi mauti humuumbua. Hawakusema nini humpata anayeficha ya mwenziwe.

Tambiko kubwa la vuli lilifika. Wazee wa ukoo walikuja kutoka mbali, wamevaa kofia nyeusi na kanzu nyeupe, wakajipanga ukumbini mbele ya meza ya mababu. Katika nyumba kuu kikombe cha kwanza cha pombe humiminwa na mwana mkubwa, na cha pili na mkewe. Ni heshima ambayo wanawake wa matawi madogo ya ukoo huitazama kwa mbali. Pil-lye alitoka na taji la sherehe kichwani, uso wake wa mviringo uking'aa kwa jasho, na mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba ndivyo mkamwana mkubwa anavyopaswa kuonekana.

Akatoa kikombe. Akainama mara ya kwanza, akainuka. Mara ya pili aliinuka kwa shida, magoti yakitetemeka chini ya sketi. Mara ya tatu Mama Uchon, aliyesimama karibu naye ukutani, alisikia pumzi yake. Mwanamke huinama mara nne. Mara ya nne Pil-lye alishuka, akabaki chini.

Wazee walidhani ni heshima, kwamba anawaombea mababu kwa kirefu, na mmoja wao akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Pil-lye akageuza uso kidogo.

"Mama," alinong'ona, "miguu haitaki. Siwezi kuinuka."

Mama Uchon alitazama safu ya kofia nyeusi.

"Inuka," alinong'ona. "Watu wanatazama."

Pil-lye alimtii, kama alivyomtii siku zote. Aliweka viganja sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akajisukuma kwa nguvu zake zote zilizobaki. Kitu kikalia mgongoni mwake, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Hakupiga kelele. Alilala ubavu mbele ya meza ya mababu, taji limemponyoka, kikombe kimepinduka, na akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba amemwaga pombe ya wazee.

Hospitali ya Daegu ilimlaza kitanda cha karibu na dirisha. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, asiyeharakisha maneno. Aligundua pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika, katika mwanamke ambaye hakuwa hata na miaka thelathini na mitano. Alitazama tumbo lenye mistari ya zambarau, mapaja yaliyosinyaa, madoa ya mikono. Kisha akaomba kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: picha za zamani.

Byeong-uk akazileta. Daktari akaweka mbili juu ya meza, ya harusi na ya sherehe ya miaka sitini, na akazitazama kwa muda.

Alieleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo kortisoli, ambayo mwili huihitaji mtu anapopatwa na hofu, njaa au homa. Tezi moja ya Pil-lye imeota uvimbe wa ukubwa wa yai la kwale, na uvimbe huo unaimwaga homoni hiyo usiku na mchana bila sababu. "Mwili wake," alisema, "umeishi kama mtu anayekimbizwa na simbamarara asiyemwona." Homoni hiyo hurundika mafuta usoni na tumboni, hula misuli ya mapaja, huchimba mifupa kwa ndani, na ngozi huwa kama ile karatasi inayowambwa madirishani badala ya kioo, ukiigusa inachanika. Sukari ilikuwa juu, presha ilikuwa juu. Kinga yake ilikuwa imelala.

"Uso ulianza kujaa lini?" aliuliza.

"Miaka mitatu sasa," alijibu Mama Uchon.

"Na hakuna aliyeshtuka?"

Alikuwa mwanamke aliyezoea kujibu. Alitafuta jibu lenye heshima, akakuta hana ila lile la kweli.

"Tulifurahi," alisema.

Daktari alizigeuza picha zile mbili na kuzirudisha, kwa upole, na upole ule ulimwumiza kuliko kama angemkaripia.

Uvimbe ulitolewa. Daktari alisema kama wangewahi, Pil-lye angerudi nyumbani kwa miguu yake na uso wake wa zamani ungemrudia. Lakini kidonda cha upasuaji hakikufunga. Kilikaa wazi siku nenda siku rudi, kikatunga usaha, kisha homa ikaingia mapafuni. Mama Uchon hakuondoka kando ya kitanda. Alikunja mikono ya nguo ya mgonjwa hadi mabegani ili apate hewa, na wagonjwa wengine walipotazama, akawaacha watazame.

Siku moja alasiri homa ilipopungua, Pil-lye alijishika shavu.

"Mama, wanasema nikipona uso utarudi mwembamba."

"Ndivyo wanavyosema."

"Shangazi Hansil atasema nini? Baraka itateleza tena." Akacheka kidogo, akakohoa. "Hamtanifukuza?"

Jibu lilikuwepo, jepesi. Lakini katika nyumba ya Mama Uchon haikuwa desturi mkubwa kulia mbele ya mdogo. Akamwambia alale kwanza.

Siku chache baadaye daktari aliwaita mama na mwana barazani, akasema amefika mwisho wa anachokijua. Kule kwao mtu kufia nje ya nyumba yake ni msiba juu ya msiba, roho yake huzurura barabarani. Wakakodi gari, wakamlaza Pil-lye nyuma, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake, na wakachukua njia ya milimani kurudi. Mashambani mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Kwenye kila kona Mama Uchon alimshika asiyumbe, kwa viganja vilivyo wazi, akiogopa vidole vyake visimwachie alama.

Karibu na mto alimwinamia sikioni.

"Uso wako wa kwanza ndio niliouchagua mimi," alisema. "Umesikia, mwanangu? Ule mwembamba."

Pil-lye alikuwa amefumba macho. Byeong-uk, aliyeketi mbele, aliona kwenye kioo kwamba mama yake anarudia maneno yale, mara nyingi, kama anayemfundisha mtoto somo.

Pil-lye alifia chumbani mwake mchana ule ule. Nje, majirani walikuwa wakichemsha soya za kutengenezea mchuzi wa mwaka ujao, na harufu yake ilijaa uani, kazi ambayo kila mwaka ilikuwa yake.

Wanawake wa ukoo walikuja kumwosha. Mama Hansil ndiye aliyeongoza, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao. Alifungua nguo, akainua mkono mmoja, akasimama hapo hapo na kitambaa chenye maji. Madoa yalikuwa meusi kutoka bega hadi vidole, na tumboni ile mistari ya zambarau kama michapo ya fimbo. Wanawake walitazama mikono ile. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Mama Uchon.

Nyuma ya mlango wa karatasi sauti ya Byeong-uk ilisikika. "Mama, waambie ni ugonjwa. Waambie alivyosema daktari."

Maneno alikuwa nayo yote: tezi, homoni, uvimbe wa ukubwa wa yai la kwale. Sentensi moja ingetosha, naye alijua kutunga sentensi. Jina lingebaki safi. Ni kwa ajili ya jina hilo mikono ile ilifichwa kiangazi chote, na ni mbele ya jina hilo alisema, inuka.

"Wifi," Mama Hansil alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "watu wakituuliza, tuseme nini?"

"Semeni mlichokiona," alijibu Mama Uchon.

Akachukua kitambaa mkononi mwa wifi yake, akapiga magoti, akaanza kuosha mikono ya mkamwana wake mwenyewe, polepole, kutoka begani kushuka. Alipofika usoni aliufuata mviringo wake kwa kidole, akitafuta chini yake kidevu kilichochongoka.

Walipomaliza kumvika sanda, likaletwa bakuli la mchele mbichi, maana maiti huwekwa punje kinywani ziwe chakula chake cha safari. Mama Uchon alilisukuma bakuli kando. Alikwenda jikoni, ambako sufuria ya wali wa waombolezaji ilikuwa imetoka kupakuliwa, na wote wakasikia kijiko kikikwangua. Alirudi na kipande cha kahawia mkononi, akakivunja, akatafuta kilicho kidogo na kilichoiva vizuri.

Wazee walikuwa wamesimama mlangoni na kofia zao. Mmoja akakohoa, kuwakumbusha desturi.

"Mchele hakuupenda," Mama Uchon alisema bila kugeuka, akamwekea ukoko mdomoni. Kipande kilichobaki alikitia kinywani mwake, akiwa amepiga magoti mbele ya watu wote, akakitafuna.